Uji wa mchele wa Chiu Chow: niuagizeje kwa Kikantoni?

Mgeni_HK: Wadau, habari za leo. Hapa Hong Kong nikisema "juk" naletewa uji mzito, laini, punje zimevurugika zote. Juzi mwenzangu kazini kanionjesha wa watu wa Chiu Chow (yaani Chaozhou, mashariki mwa mkoa wa Guangdong, China): mwepesi, punje bado nzima, chaza wadogo wamejaa. Huo ndio ninaoutaka. Nisemeje dukani? Menyu ni Kichina kitupu.

BiJikoni: Karibu, ndugu yangu. Sema "Chiu Jau juk", 潮州粥. Juk itamke juu na kwa ufupi, k ya mwisho imeze, usiibandike irabu. Wa chaza ni "hou jai juk", 蠔仔粥, na hiyo "hou" sauti ishuke.

Ule wa Kikantoni huchemshwa mpaka punje zipasuke, na wenyewe wakiusifu husema "min", kwamba umelainika vizuri. Uji wa Chiu Chow usiusifu hivyo! Wao punje zikianza kufunguka tu wanaepua. Ule wa chaza, wapishi wengi hutia wali uliokwisha kuiva kwenye supu inayochemka. Mimi hutazama kwanza kama una "fong yu", samaki bapa aliyekaushwa, na "dung choi", kabichi ya chumvi. Bila hivyo viwili, kwangu huo bado si uji wa Chiu Chow.

Salim_GZ: Shikamoo Bi. Naongezea: kuna "teng jai juk", 艇仔粥, uji wa mashuani. Huo ni wa huku Guangzhou, ulikuwa ukiuzwa kwenye mashua kule Lychee Bay. Una samaki, ngisi, karanga. Mtamu mno, lakini ni mzito, kwa hiyo mwenzetu asiuagize akitarajia ule wake.

Mgeni_HK: Asanteni sana. Na ule mweupe mtupu?

BiJikoni: Marahaba, Salim. Mweupe ni "baak juk", 白粥. Wachiu Chow huula na vitoweo kama sisi tunavyokula wali. Anza na "choi pou", 菜脯, figili za chumvi, halafu uongeze bata bukini wa "lou seui", aliyepikwa taratibu kwenye mchuzi wa soya na viungo. Mlo huo wa kuchagua vitoweo vilivyopangwa mbele ya duka Hong Kong huitwa "da laang". Ukiona 打冷 kwenye kibao, ingia. Jaribu Sheung Wan au Kowloon City, Wachiu Chow wako huko tangu zamani.