Naomba ushauri: binti yangu na ua la homecoming, Texas

Wakuu, habari zenu. Tunaishi Texas, na wiki ijayo ni homecoming shuleni kwa binti yangu, ile sherehe ya kila mwaka ya kuwakaribisha tena waliosoma hapo. Ijumaa mechi ya futiboli ya Kimarekani, mwanafunzi aliyechaguliwa malkia wa sherehe anatangazwa wakati wa mapumziko, Jumamosi dansi. Hayo naelewa. Kinachonitoa jasho ni "mum", lile ua bandia la kubandika kifuani: riboni hadi magotini, vikengele, hata kidoli cha dubu katikati! La dukani linaweza kufika mamia ya dola.

Sasa kijana mmoja wa kanisani anataka kumpa binti yangu ua hilo, naye binti amtengenezee lile dogo la kuvaa mkononi. Nikikubali, huku inahesabika ni uchumba? Mama yake binti anasema tulitengeneze wenyewe nyumbani. Waliopitia haya, riboni mlinunua wapi? Na dansini mliwafuata watoto saa ngapi?