Tulipelekwa "ufukwe wa siri" kusini Unguja siku ya bamvua (bahari inapopanda na kushuka kupita kawaida), maji yakatufungia chini ya jabali. Hela hawarudishi

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu kwa hasira, hii ya nne naurusha hivyo hivyo ulivyo. Mods naomba msiuunganishe na ule wa "wapi pa kwenda wikiendi". Jina la kampuni silitaji, nisije nikaambiwa nachafua biashara ya mtu. Wao wenyewe wakisoma watajijua.

Niliona tangazo Instagram: matembezi ya miguu hadi ufukwe wa siri, kusini Unguja, mchanga mweupe, majabali, hakuna watu. Shilingi 85,000 kwa kichwa, nauli ya boti kutoka Dar juu yako. Nikawashawishi wa nyumbani, tukawa wanne: mimi, mdogo wangu, shemeji, na Mama Mkubwa ambaye ana miaka 61. Kabla ya kulipa niliuliza mara mbili kama mtu wa umri huo ataweza. Jibu lao ninalo kwenye wasapu mpaka leo: "Anaweza kabisa dada, njia ni tambarare."

Tambarare! Anayeujua uwanda wa kati ya vijiji vya Kizimkazi na Mtende acheke kwanza, nitamsubiri.

Ile ardhi yote ni matumbawe ya kale. Bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita, iliposhuka ikayaacha makavu, mvua ikayatafuna mpaka yakabaki meno matupu. Si mawe ya kukanyaga, ni mbuzi ya kukunia nazi iliyotandazwa kilomita kwa kilomita. Udongo unauchungulia mashimoni. Kobazi za shemeji soli ilichanika ndani ya nusu saa, akamalizia safari amefunga mguu kwa mtandio. Tangazo lilisema "viatu vyepesi". Wanawake wa kule tuliopishana nao walikuwa wamevaa raba, na wao ndio wamezaliwa hapo.

Lakini viatu ningesamehe. Chupa moja ya nusu lita ya maji kwa mtu kwenye jua lile ningesamehe pia. Siwasamehe maji ya bahari.

Siku ile mwezi ulikuwa 16, yaani siku ya kumi na sita tangu uandame. Mtu yeyote wa pwani ukimwambia mwezi 16 anajua ni bamvua, hahitaji simu. Na kwa Unguja bamvua ina saa zake: maji yanakupwa (yanashuka kabisa) saa nne, saa nne na nusu asubuhi, yanajaa saa kumi, saa kumi na nusu jioni. Sizungumzii elimu ya chuo hapa. Majedwali ya kupwa na kujaa ya bandari ya Zanzibar yapo mtandaoni, bure, unayapata hata kwa simu iliyopasuka kioo.

Sasa tazama ratiba yetu. Tuliambiwa gari saa moja kamili, likaja saa mbili na nusu. Tukapelekwa kwanza msikiti wa Dimbani, hapo Kizimkazi, ule wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sina ugomvi na msikiti, ni mahali pa kwenda na ningerudi kesho. Ila sisi tunapiga picha pale, bahari ilikuwa imeshakupwa na kugeuka. Kuanza kutembea saa tano. Kufika tunakoshukia, saa saba mchana. Yaani mtu amepanga (au hakupanga, ndiyo hoja yangu) kutuingiza watu 14 chini ya jabali saa ileile maji yanapokimbia.

Maana hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza unaona kama yamelala. Saa ya tatu na ya nne ndiyo mbio zenyewe, nusu ya kina chote inaingia hapo. Kwa bamvua ya Unguja kina kinaweza kukaribia mita 4. Piga hesabu: mita 2 ndani ya saa mbili. Mama Mkubwa hafiki mita 2.

Tunashuka, tukakutana na bibi mmoja anapanda. Kanga kaikunja kiunoni, pweza wawili wananing'inia kwenye waya, mkononi chuma chake cha kuchokolea. Akasimama akatutazama sote, kuanzia wa mbele mpaka wa nyuma.

"Mwashuka saa hizi? Maji yaja hayo, wanangu."

Muongozaji wetu, kijana mwenyewe kwao ni mjini, akamjibu kwa kicheko: "Usijali bibi, wanapiga picha mara moja tu." Yule bibi hakubishana. Na mimi, naomba mnitukane kwa hili, nilimsikia vizuri kabisa, nikashuka.

Ufukwe wenyewe, haki yake nitaupa, ni mzuri. Si ule wa Mtende wenyewe wenye ngazi unaoujua kila mtu, ni kijighuba kabla ya kufika huko. Mchanga kama unga, upana wake labda vyumba vitatu vya kupanga. Ili uingie unazunguka pua ya jabali kwa chini, unakanyaga mwamba ambao maji yakikupwa unakuwa mkavu. Nyuma yako ukuta wa jabali umeliwa kwa chini na mawimbi, umetokeza kwa juu kama bati la baraza. Kwa hiyo hupandi. Mlango wa kuingia na kutoka ni mmoja, ile pua.

Dakika 40 hivi baadaye shemeji akasema, mbona pale tulipopita pana povu? Msimu wenyewe wa kusi (upepo wa kusini), mawimbi yanakuja na nguvu zake. Muongozaji akaenda kupima, maji yakamfika kiunoni, wimbi likambwaga, akarudi magoti yanatoka damu na simu yake imekufa. Hapo ndipo nikaona uso wa mtu asiyejua afanye nini. Hana kamba. Hana namba ya mtu yeyote wa kijijini. Akatuambia "tusubiri yapungue". Yapungue! Saa nane mchana wa mwezi 16, yana zaidi ya saa mbili mbele ya kuendelea kujaa.

Mchanga uliisha. Sijui niwaelezeje, mlikuwa mnakalia taulo, halafu mnasimama mmeshika mabegi kichwani, mgongo uko kwenye jabali na jabali linachoma. Mdogo wangu alikanyaga vile vidudu vya miiba myeusi, akapiga kelele mpaka nikajua mguu umekatika. Mama Mkubwa akawa anasoma Zaburi kwa sauti, na mimi nimemshika mkono najiambia ni mimi niliyemtoa Tabata kuja kumzamisha huku.

Tuliokolewa na yule bibi. Hakwenda kwake. Alifika juu akaita vijana wawili, wakaja na kamba ya ngalawa, wakatupigia mluzi kutoka upande ambao hatukuuangalia kabisa. Kuna ufa pale, umefichwa na mizizi ya mti, wavuvi wanaujua. Tulipandishwa mmoja mmoja. Wakati wa mwisho wetu anatoka, maji yalikuwa mapajani. Mama Mkubwa alivutwa kiatu kimoja kikabaki baharini. Kule juu bibi akakata papai bichi, akampaka mdogo wangu utomvu kwenye miiba, akasema "Mmepona, kaleni", basi. Tulichanga tukampa yeye na wale vijana chochote tulichokuwa nacho. Muongozaji hakuchanga hata mia.

Na hapo ndipo nikajua jingine. Kila mmoja wetu alilipishwa 10,000 ya "mchango wa kijiji". Nilimuuliza mzee mmoja tuliyekaa barazani kwake kusubiri gari. Alishangaa. Anawaona wakipita na wageni, hajawahi kusikia mchango wowote wala kuulizwa lolote.

Kurudi Dar nikawapigia. Nikaeleza vizuri, bila kutukana, nina ushahidi wa nafsi yangu. Jibu la mwenye kampuni: "Bahari haina bosi, dada. Mlitaka matembezi ya porini, ndiyo hayo." Halafu akanipa ofa ya punguzo la asilimia 10 safari ijayo. Safari ijayo!

Bahari haina bosi, sawa. Ina saa lakini. Wavuvi wanaijua, wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanapanga wiki zao kwa bamvua na maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo). Asiyeijua ni mtu mmoja tu, yule anayelipwa 85,000 mara 14.

Mnaopanga kwenda kutembea huko, waulizeni hawa watu swali moja kabla ya kutuma hela: siku hiyo mwezi ngapi, na maji yanakupwa saa ngapi? Akianza kukwambia habari za kifungua kinywa, kata simu. Na kama kuna mwanasheria humu, naomba anielekeze: hela ya huduma ya namna hii inadaiwa wapi, wakati mimi niko Bara na kampuni iko Zanzibar?

NYONGEZA, saa tatu usiku: Wameuona uzi. Wamenipigia sasa hivi, sauti laini, wako tayari kunirudishia hela yangu yote leo leo nikiufuta. Nikawauliza, yangu peke yangu? Akasema ndiyo, "wengine hawajalalamika". Nimewajibu tulikuwa watu 14, na kuna kiatu cha Mama Mkubwa. Uzi uko hapa.