Gemu za mashine za zamani: nitajuaje ipi kali na ipi takataka?

Mwenye Kibanda: Wakuu, habari za usiku. Nina kibanda cha gemu, vijana wanacheza mpira tu. Sasa nimepata kompyuta yenye gemu mamia za zile mashine za enzi hizo, unatumbukiza sarafu ndipo unacheza. Nataka nibakize kumi, jero kwa raundi. Picha zote naziona za kizamani. Waliozicheza walikuwa wanapima kwa kigezo gani?

Kidole Chepesi: Mkuu, achana na picha. Marekani hakimu alikuwa robo dola, sarafu ya kuchezea raundi. Ukifa unajiuliza: nimekosea, au mashine imenidhulumu? Chukua Pac-Man ya 1980, ile ya kula vidoti kwenye vichochoro huku vizuka vinakuwinda. Kizuka chekundu kinakufukuza moja kwa moja, cha waridi kinalenga mbele ya unakoelekea, cha chungwa kikishakukaribia kinakimbilia kona yake. Ukinaswa unajua ulipochemka, na mkono unarudi mfukoni wenyewe.

Bibi Galaga: Na uzuri wa macho unadanganya. Dragon's Lair ya 1983 ilikuwa katuni kabisa, inasomwa kwenye diski ya leza. Senti 50! Kumbe kazi yako ni kusukuma stiki upande fulani au kubonyeza kitufe cha upanga kwa wakati fulani. Ukishakariri, imeisha hiyo.

Mwenye Kibanda: Kwa hiyo ngumu ndiyo nzuri?

Bibi Galaga: Hapana mwanangu. Defender, ya vita vya chombo cha angani, ina stiki na vitufe vitano, mabingwa waliiabudu, ila mgeni anakufa hata hajajua kipi kinapiga. Itakukimbizia wateja. Anza na Galaga ya 1981, ya kutungua maadui wa angani (jina langu lisikutishe, sipendelei). Kushoto, kulia, kitufe kimoja. Halafu ina kamari tamu: unaacha chombo chako kitekwe na adui, ukikikomboa unapiga risasi na vyombo viwili. Ukimpiga kwa pupa aliyekiteka, unaweza kukilipua mwenyewe.

Fundi Waya: Chunga mianya pia. Kwenye Asteroids ya 1979, ya kulipua mawe ya angani, wajanja walibakiza jiwe moja, wakawa wanavizia visahani vya adui vya pointi nyingi. Sarafu moja, masaa. Kwao gemu tamu, mwenye mashine analia. Weka kikomo cha dakika.

Mwenye Kibanda: Hiyo ya dakika nimeichukua. Jioni hii nimewasha Galaga, dogo wa jirani kalipa jero nne mfululizo. Ya nne kakopa.