Kaivuta fonti ya Cooper Black mpaka O imekuwa yai!

Wakuu, fundi wa mabango mnamjua, simtaji. Bango liko njia panda, hata aliyefumba macho analiona. KAIVUTA O!

Oswald Cooper wa Chicago aliitoa fonti hii 1922: nene, kona zote za mviringo, hakuna ncha kali hata moja. Halafu mtu, kwenye kompyuta, anashika kipini cha ubavuni mwa maandishi na kuitanua karibu mara mbili! Ukitanua hivyo, mistari iliyosimama inanenepa, ya kulala inabaki ilivyokuwa. Tundu la O, ambalo Cooper aliliegemeza nyuma kidogo kwa makusudi, sasa limelala chali. Nafasi imebaki? Kuza herufi kwa kushika kona, upana na urefu viende pamoja. Imepungua? Punguza pointi, yaani ukubwa wa herufi. Basi!

Akaongeza mstari mweupe wa kuzungushia. Mstari huo hukaa nusu ndani nusu nje: nusu inakula unene wa herufi, nusu inaziba matundu. Nakili maandishi, nakala ya nyuma ndiyo ipewe mstari, ya mbele iachwe. Kiswahili chenyewe kimejaa a na e, zenye matundu madogo kuliko zote!

Lakini ile O, jamani. ILE O.

kuku_wa_kisasa: Punguza presha mkuu. Bango la kuku hilo, na kuku wananunuliwa.

wino_mzito: Mwache aseme. Huyohuyo kajaza aya nzima ya Cooper Black mgongoni mwa fulana, pointi 12! Fonti hii ni ya vichwa vya habari, maneno mawili matatu. Ikiwa ndogo, wino unatambaa, a inakuwa doa. Kama lazima, chukua skrini (wavu wa kupitishia wino) ya nyuzi 77 kwa sentimita badala ya 43, na upitishe wino mara moja tu.

Mtoa mada: Na kwenye fulana kaivuta O?

wino_mzito: Kaivuta.

Mtoa mada: NILIJUA!

herufi_ndogo: Angalieni nembo ya easyJet, lile shirika la ndege. Cooper Black, herufi ndogo isipokuwa J, nyeupe juu ya rangi ya chungwa, zimesogeleana. Hakuna mstari, hakuna kivuli. Inasomeka.

stika_tu: Nyie mnalilia wino. Njooni kwenye kukata stika! Kwa nje fonti hii ni tamu, haina ncha za kubanduka. Kazi ni kuchokoa vile vitundu vya e kimojakimoja.

mita_tatu: Afadhali vitundu. Wateja wanaleta nembo iliyopigwa picha kwenye simu, ikapita WhatsApp mara tano, wanataka bango la mita 3!

stika_tu: Waambie watume PDF kama dokumenti, maandishi yamegeuzwa michoro. La sivyo kompyuta isiyo na fonti hiyo inaweza kuweka nyingine, kama Arial.

Mtoa mada: Turudini kwenye O.

mita_tatu: Na wale wa "bango bei gani?" bila vipimo?

kuku_wa_kisasa: Hao ndio baba wa kero zote. Bango la mlangoni au la kufunika ghorofa?

wino_mzito: Ukiuliza vipimo, anakujibu "la kawaida".