Dogo anataka kuuza kiwanja cha Nala awe mcheza poka wa kulipwa, naombeni ushauri

Kaka wa Kisasa
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nipo hapa Dodoma, mdogo wangu kamaliza takwimu UDOM, ajira bado, sasa hivi anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mtu pale Majengo na usiku kucha yupo kwenye simu anacheza poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau. Dogo ana kichwa, hesabu anazijua tangu shule, na simwiti mcheza kamari maana kanieleza nikaelewa kwamba ule mchezo unacheza na watu wenzako sio na mashine. Shida ni kwamba anataka kuacha kazi na kuuza kiwanja cha Nala alichopewa na mzee ili apate mtaji. Anamfuatilia sana Phil Ivey, mcheza poka wa Marekani, anasema jamaa alianza hana kitu na leo ana bangili 11 za ubingwa kwenye mashindano ya dunia, na dogo anasema anacheza staili yake, anaingia karibu kila mkono, yaani kila karata zikigawiwa, anapandisha dau hata karata zikiwa mbovu mpaka wenzake wakimbie. Mzee kaniachia mimi niamue. Nampenda sana huyu dogo, sitaki nimvunje moyo na sitaki aje alale njaa. Nifanyeje?

Mama Swaumu
Kwetu sisi Waislamu hiyo ni haramu, kiwanja cha urithi kisiguswe. Mwombee dogo apate kazi.

Mzabibu Hombolo
Kaka mimi poka naifuata miaka mingi, niseme ninachojua. Huyo Ivey kabla ya kuwa Ivey alikuwa na kazi, alikuwa anauza vitu kwa simu kwenye kampuni moja New Jersey huku akicheza na wafanyakazi wenzake, na Atlantic City alikuwa anaingia na kitambulisho cha mtu anaitwa Jerome maana umri haujafika. Bangili ya kwanza kapata mwaka 2000. Chris Moneymaker naye alikuwa mhasibu, nafasi ya mashindano ya dunia kaipata kwa mashindano madogo ya mtandaoni ya dola 86, mwaka 2003 akawa bingwa akabeba dola milioni 2.5, na hakuacha kazi ndo aende, alienda akiwa nayo.

Halafu hiyo staili. Ivey anaingia na karata nyingi kwa sababu anakusoma, anakukazia macho mpaka unatetemeka, anaona unavyoshika kete za dau, unavyohema. Sasa dogo kwenye simu anamsoma nani? Hakuna sura pale, anaona jina na dau tu. Mtandaoni anayeanza anatakiwa awe mvumilivu, karata nyingi anaziweka chini, anaingia na chache nzuri na akiingia anapandisha kweli kweli, tena hasa akiwa wa mwisho kuamua maana hapo kashaona wenzake wote wamefanya nini. Inachosha, haina picha nzuri ya kurusha kwenye video, ila ndo kazi yenyewe.

dogo_wa_Kibaigwa
Mkuu kabla hujauza muulize dogo ree mbili, zile karata kali kuliko zote za kuanzia, zinakuja mara ngapi. Ni mara moja kwa mikono 221. Na zikija, ukikutana na mtu mwenye pea nyingine (karata mbili za namba moja) bado unapigwa karibu mara moja kwa kila mara tano. Kasoma takwimu huyo, anajua maana yake, unaweza ukacheza sawasawa miezi ukapoteza tu. Ndo maana mtaji wa kuchezea unakaa mbali na hela ya kodi ya nyumba na ya kula.

Binti Mpwapwa
Daniel Negreanu, mcheza poka wa Canada, alitangaza mwenyewe hesabu zake za 2017, mashindano yalimlipa zaidi ya dola milioni 2.7 na bado mwaka ukaisha na hasara ya dola 86,000 na kitu, maana viingilio vilikula zote. Watu wanaona kikombe, kiingilio hawakioni. Na Stu Ungar wa Marekani kashinda taji kubwa la poka la dunia 1980, 1981 na 1997, mwaka 1998 kafia motelini Las Vegas hana kitu. Dada yako nakuambia kwa uchungu, kipaji alikuwa nacho kuliko wote. Muulize dogo daftari lake liko wapi, aliyoingiza na aliyotoa, zote. Na aangalie tovuti kama ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, isije hela ikaingia isitoke.

Kaka wa Kisasa
Asanteni sana wakuu, mmenifungua. Nimempigia sasa hivi, daftari analo ila kaandika siku alizoshinda tu. Nimemwambia Jumamosi aje nyumbani na historia yote ya akaunti, shemeji yake atakaa naye wajumlishe. Duka haachi, na hati ya Nala inabaki kwa mzee. Kakubali, ingawa kwa shingo upande.

Mzabibu Hombolo
Safi. Bonasi za tovuti mzitoe kwenye hesabu kaka, ile sio hela aliyoshinda.