Naomba ushauri: Corolla ya 1996 inasumbua kuwaka asubuhi na inamisi

Ndugu wanajamii, naomba msaada wenu kuhusu Toyota Corolla ya mwaka 1996, injini 5A-FE yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), ambayo ndiyo tegemeo la familia yangu hapa Mafinga. Asubuhi za baridi stata huzungusha kwa nguvu, lakini injini haiwaki hadi jaribio la nne au la tano, na ikishawaka hutetemeka na kumisi (silinda kuruka bila kuchoma mafuta) kwa takriban dakika kumi kabla ya kutulia kiasi.

Fundi alipochomoa waya za plagi moja baada ya nyingine, mlio ulibadilika kwa silinda zote isipokuwa ya tatu, yaani hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Plagi yake ilitoka nyeusi, imelowa na kunuka petroli. Tukaihamishia silinda ya kwanza, na tatizo likabaki palepale kwenye ya tatu, kwa hiyo plagi yenyewe naiondolea lawama.

Fundi anapendekeza kufungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), gharama ambayo kwa kweli inanitisha. Je, si busara kwanza kukagua kofia ya distributa, kubadilisha waya, kuchunguza kama injekta (kinyunyizio cha petroli) inavuja, kisha kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda)? Mliokutana na hali hii, mlianzia wapi?