Naomba ushauri: kumlisha mbwa nyama mbichi

Wakuu, habari za jioni. Nina German Shepherd anayekaribia mwaka, kilo 27 hivi. Tangu mdogo anakula ugali wa dona na dagaa, ila siku hizi anausukuma ugali pembeni kwa pua, anaokota dagaa tu. Nataka nimhamishie kwenye nyama mbichi: moyo, bandama, mapafu, vichwa na miguu ya kuku.

Mifupa iliyopikwa najua ni hatari, inavunjika vipande vyenye ncha. Kinachonitisha hasa ni mapafu na maini yenye vile vifuko vya maji. Mwenye bucha ananipa bure (ndiyo maana!), lakini humo ndimo mnakaa mabuu ya tegu, mbwa akila, mayai yanatoka na kinyesi, na nina watoto wanaomkumbatia kutwa nzima.

Je, nikigandisha inatosha, au matumbo yote nichemshe, kuku pekee ndiyo nimpe mbichi? Na kiasi gani kwa siku? Nasikia asilimia 2 hadi 3 ya uzito, ila huyu bado anakua. Madaktari wa mifugo na wafugaji wazoefu, karibuni. Umeme huku unakatika sana, mzingatie na hilo.